Upanga wa mianzi na upanga wa mbao

Neno kata la Kijapani halina udugu wowote na kitenzi chetu cha kukata, hata linapotajwa kwenye mambo ya panga. Maana yake ni umbo. Watu wawili wanashika bokuto, panga za mbao, kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini, na kila hatua imepangwa tangu salamu ya kwanza hadi ya mwisho. Upande wa pili kuna shinai, upanga wa mianzi, pamoja na bogu, vazi la kinga: hapo hakuna kilichopangwa, anayewahi ndiye anayepata. Ipi kati ya njia hizi mbili inamfundisha mtu upanga? Wajapani wanabishana juu ya hilo kwa karibu miaka 300.

Wa kwanza kukumbukwa kwa shinai ni Kamiizumi Nobutsuna wa Shinkage-ryu, shule ya upanga, karne ya 16. Yake ilikuwa mwanzi uliopasuliwa ncha na kuvikwa mfuko wa ngozi, ili mwanafunzi apigwe kwelikweli bila kuvunjwa mfupa. Lakini bado aliitumia ndani ya kata. Mageuzi yalikuja chini ya amani ndefu ya Tokugawa, ukoo uliotawala Japani, wakati vizazi kadhaa vilikuwa vimezeeka bila kuona vita na kata nyingi zimegeuka maonyesho. Miaka ya 1711 hadi 1715 Naganuma Shirozaemon wa Jikishinkage-ryu aliboresha kinga za kichwa na mikono, na katikati ya karne hiyo Nakanishi Chuzo akaingiza shinai na bogu katika Itto-ryu. Watu wakamiminika. Ni rahisi kuelewa kwa nini.

Kwenye kata huwezi kukosa. Upanga wa mwenzako unashuka ulipotarajiwa, nawe unasogea ulipofundishwa, kwa hiyo mtu anaweza kufanya miaka kumi bila kugundua kwamba macho yake ni mazito. Shinai inamuumbua ndani ya dakika moja. Anakutana na mtu anayemdanganya kwa bega, anayemvuta hadi ainue mikono kisha anampiga kifundo cha mkono. Anachoka, anaogopa, na bado inabidi aone. Jigoro Kano alipoanzisha Kodokan, shule yake ya judo, mwaka 1882 alihifadhi kata za jujutsu, mieleka ya zamani ya Kijapani, lakini kilichoipa judo nguvu ni kushindana kwa uhuru na mtu asiyetaka kuangushwa. Hoja ni ileile.

Sasa tuangalie kilichopotea. Shinai ya mwanamume mtu mzima katika mashindano ya kendo, mchezo wa leo wa shinai na bogu, haizidi sentimita 120 na haipungui gramu 510. Katana, upanga halisi wa samurai, iliyokamilika huwa na takriban kilo moja au zaidi kidogo, imepinda, na ina makali upande mmoja. Shinai ni vipande vinne vya mwanzi vilivyofungwa pamoja: imenyooka, ni mviringo, haina upande. Kinachoonyesha mgongo wake ni uzi tu, ule unaotoka kwenye kofia ya ngozi ya ncha hadi mpinini. Kanuni inadai pigo litue kwa upande ulio kinyume na uzi, kwa sehemu ya juu ya shinai, mwili ukiwa wima, sauti ikiwa na nia, na mpigaji abaki macho baada ya kupiga. Mchezaji akishangilia pointi yake, inafutwa. Ni masharti mazuri. Ila mwamuzi mwenye bendera anafuatilia pigo linalopita chini ya nusu sekunde, na mkono mwepesi umejifunza kudokoa kichwa kwa kifundo tu. Pigo la namna hiyo linalia vizuri kwenye kofia, lakini halikati kitu.

Anayetaka ushahidi ajaribu kukata mkeka uliokunjwa na kulowekwa. Upanga halisi ukiingia kwa mshazari huku ubapa umelala kidogo tu, njia yake inapinda ndani ya mkeka, unakwama, na wakati mwingine bamba lenyewe linapinda. Shinai haitoi adhabu hiyo, na kosa lisilo na adhabu huota mizizi. Katika miaka ya 1830 Oishi Susumu alifika Edo, Tokyo ya leo, na shinai yenye zaidi ya mita moja na nusu akawasumbua mabingwa wa mjini, ilhali upanga wa kawaida wa enzi hiyo ulikuwa na bamba la sentimita 70 hivi. Mwaka 1856 chuo cha kijeshi cha serikali, Kobusho, kikaweka ukomo wa shaku 3 na sun 8, kama sentimita 115. Hata huo ni mrefu kuliko upanga waliovaa kiunoni.

Walioona hatari hiyo ni wanakendo wenyewe. Mwaka 1912 jopo lililokuwa na Naito Takaharu na Takano Sasaburo lilikamilisha kata 10, saba za upanga mrefu na tatu za upanga mfupi dhidi ya mrefu, ili vijana wa shinai wasisahau kwamba wameshika makali. Nia njema, ila angalia zinavyofanywa leo katika kumbi nyingi: zinafufuliwa wiki chache kabla ya mtihani wa dan, yaani wa kupanda daraja, zinakaririwa, zinazikwa tena. Kata ya aina hiyo haina faida ya upande wowote. Haina ushindani, wala haina upanga.

Kosa, kwa maoni yangu, liko kwa uchidachi. Huyu ndiye anayeshambulia kwanza na kushindwa, na kwa desturi ni mwalimu au mkubwa wa mwenzake, kwa kuwa kushindwa vizuri kunahitaji ujuzi zaidi. Chukua kata ya kwanza. Wote wameinua panga juu ya kichwa, wanasogeana hatua tatu. Uchidachi anakata kichwa moja kwa moja. Mwenzake, shidachi, anarudi nyuma kidogo, upanga unapita hewani mbele yake, kisha anaingia na kukata. Uchidachi mwenye huruma hukata pungufu, sentimita ishirini mbele ya uso, na shidachi anakwepa kitu ambacho kisingemgusa. Kutoka hapo kila kitu ni ngoma. Shidachi naye, akijua yu salama, huanza kurudi kabla upanga haujashuka, na kwa adui halisi hiyo ingekuwa taarifa ya bure.

Shule ya Ono-ha Itto-ryu ina dawa ya zamani: uchidachi huvaa onigote, glavu kubwa nene, ili shidachi apige mikono kwa nguvu kamili bila kusimamisha upanga. Mpangilio ni wa kata, lakini pigo ni la kweli. Ubaya wake ni kwamba zinalinda mikono tu, kwa hiyo kichwa bado kinategemea uaminifu wa mkono wa mwenzako.

Kwa ukumbi usio na onigote, dakika kumi na tano za kata kabla ya kuvaa bogu zinatosha, mradi kipimo kifanywe kwanza. Shidachi asimame tuli. Uchidachi aje polepole na kuweka bokuto juu ya nywele za shidachi. Ikifika, umbali ni sahihi, na kutoka hapo kasi iongezwe kidogo kidogo huku shidachi akiruhusiwa kurudi. Kisha tazama ncha ya uchidachi inapoishia: ikisimama usawa wa kifua cha shidachi badala ya kushuka chini ya magoti, hakukusudia kukata, na kata irudiwe tangu mwanzo.