Bidoni la Lita 10

Mama mmoja mwenye duka la dawa hapa Kamalondo, Lubumbashi, anaandika hesabu zake kwenye programu ya zamani isiyokubali kitu ila Windows XP. Mimi fundi wake niliifungia hiyo XP ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ndani ya kompyuta, juu ya Debian, aina ya Linux, ikatulia kama mgeni aliyeshiba bukari.

Tatizo langu ni kupenda vipya. Jumamosi moja usiku nikapandisha Debian kutoka 12 hadi 13, kernel, yaani kiini cha mfumo, nayo ikaruka kutoka 6.1 hadi 6.12. VirtualBox 7.0 ya zamani ikashindwa kujenga moduli zake, vile vipande vinavyopachikwa kwenye kernel. Nikaweka 7.1, zikajengeka, nikaenda kulala.

Jumatatu asubuhi, simu. "Mwanangu, dawa zangu zimeenda wapi?"

Kwenye kioo nilikuta neno refu kama treni ya shaba: VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Kando yake ushauri wa Kiingereza: zima KVM, jenga kernel upya, washa tena mashine. Mwenye akili angeanza na la kwanza. Lakini KVM, chombo kingine cha kazi kama ya VirtualBox, sijawahi kuiweka maishani, basi nikaliruka nikashika la pili. Isitoshe, kujenga kernel mbele ya wateja kunampa fundi heshima.

Kompyuta ile ni kuukuu. Ilisaga kwa muda wa saa tatu, umeme ukakatika. Nikaanza upya, eti kwa usafi. Ukakatika tena. Mama akatuma petroli ya jenereta, bidoni la lita 10. Jenereta ikanguruma barazani siku nzima, wateja wakaomba dawa kwa ishara. Baba mmoja alijizungushia mkono tumboni, nusura apewe dawa ya minyoo. Kumbe mkewe ana mimba.

Magharibi kernel ikakamilika. Nikajenga moduli, nikawasha. Treni ya shaba ileile. Bila shaka: mipangilio nilinakili ya kernel ya kwanza, KVM ikiwemo.

Mpwa wa mama, mtoto wa sekondari, akasoma kioo kwa sauti, akaniita yaya, yaani kaka. "Yaya, wanasema KVM. Uliizima?"

"Sikuiweka."

"Lakini iko."

Nikaandika lsmod, amri ya kuorodhesha moduli zilizopakiwa. Ilikuwepo, kvm_intel, imekaa kimya. Huja na kernel yenyewe. Zamani ilishika VT-x, ile sehemu ya prosesa inayosaidia kuendesha kompyuta za ndani, pale tu mashine yake ya ndani inapowashwa, tangu 6.12 inaishika mara tu inapopakiwa, hata kama haina kazi. VirtualBox ikifika, imechelewa.

"Kama choo cha parseli, cha wapangaji wote," mama akasema. "Mpangaji anaamka anatia ufunguo mfukoni, na wala hana haja."

Nikaandika amri ya kuiondoa: sudo modprobe -r kvm_intel. Hata sekunde haikuisha. XP ikafunguka na kile kilima chake cha kijani, dawa zote zikarudi. Mama hakutazama kioo. Alitazama bidoni.

Kesho yake saa moja, simu tena. "Mwanangu, yule mpangaji amerudi na ufunguo."

Amri ile haivuki kuzimwa kwa mashine, jambo nililolijua vizuri sana, ila usiku ule nilikuwa na haraka ya kutoka pale. Nikarudi kuongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye mstari wa kuwashia kernel, ili KVM isishike VT-x inapopakiwa. Nilienda kwa miguu, kompyuta yangu mgongoni na, kwa agizo la mama, bidoni lililojaa mkononi.