Nusu Saa Kabla ya Taarifa ya Habari

Kila siku ifikapo saa moja na nusu usiku, hapa Hamburg, Ujerumani, ninapoishi, televisheni ya umma ya NDR hujigawa mara nne. Sisi wa mjini huonyeshwa Hamburg Journal, na majirani zetu wa Schleswig-Holstein, Niedersachsen na Mecklenburg-Vorpommern kila mmoja huonyeshwa kipindi cha jimbo lake. Ikitimia saa mbili, wote hukutana tena kwenye Tagesschau, taarifa ya habari ya taifa. Mtu aliyelelewa Tanzania na taarifa ya habari ya saa mbili usiku hujihisi yuko nyumbani, isipokuwa kwamba kwetu saa mbili huingia moja kwa moja baada ya tamthilia.

Jioni moja ya baridi nilitazama habari ya lifti iliyoharibika katika kituo cha treni. Mwandishi alimfuata bibi mmoja mwenye kigari cha kutembelea, akamwacha aeleze kwa maneno yake jinsi anavyopitiliza hadi kituo cha mbele, kisha arudi kwa basi, ndipo amwone daktari wake. Mhusika wa lifti alihojiwa mwishoni kabisa, akiwa amesimama palepale penye lifti, naye alitakiwa ataje tarehe ya matengenezo. Hapakuwa na mgeni rasmi wala utepe wa kukatwa.

Mpangilio huu wa kila jimbo kuwa na kipindi chake haukuja kwa bahati. Baada ya Wanazi kuitumia redio kama kipaza sauti cha serikali moja, Ujerumani Magharibi ilijengwa upya na utangazaji ukawekwa chini ya majimbo, si serikali kuu. Kila kaya hulipa ada ya utangazaji wa umma, euro 18.36 kwa mwezi, iwe na televisheni au isiwe nayo, na wengi hunung'unika, nami nikiwamo siku ya kulipa. Hata hivyo, anayelipa huona ana haki ya kuuliza kwa nini mtaa wake hauonekani.

Sasa nirudi Muheza, mkoani Tanga, kwa mama yangu. Miaka michache iliyopita kiongozi mmoja alifanya ziara huko, na televisheni moja ikarusha habari yake usiku. Ulionekana msafara, ikasikika ngoma, ikafuata hotuba ndefu. Na nyuma ya meza kuu, kwa muda wa sekunde tatu hivi, akaonekana jirani yetu na tenga lake la machungwa. Simu zililia usiku kucha: "Umemwona? Umemwona?" Furaha ile ilikuwa ya kweli, wala siidharau. Lakini jirani yule anajua kuhusu machungwa kuliko wote waliokaa pale mbele: jinsi mchuuzi anavyonunua mti mzima kwa kuukadiria kwa macho, na jinsi mzigo unavyovuka kwenda Kenya huku mkulima akibaki na hesabu isiyomtosha. Hakuna aliyemsogezea kipaza sauti.

Najua jibu litakalokuja, kwamba televisheni ni ghali. Ni kweli Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja hadi 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na chake, tena cha rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini redio za jamii, kama Pangani FM, hufanya kazi ya karibu na watu kwa fedha kidogo, na siku hizi simu ya mkononi inapiga picha safi kabisa. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni nafasi maalumu ya mkoa katika ratiba, ambayo haifutwi kwa sababu waziri ana mkutano Dodoma.

Tena kuna suala la lugha. NDR huipa nafasi Plattdeutsch, lugha ya watu wa kaskazini, na wazee huizungumza hewani bila kuona haya. Mimi sidai Kibondei, lugha ya kwetu Muheza, kwenye televisheni, Kiswahili chatutosha. Nataka tu lafudhi ya Tanga isikike ikifafanua jambo zito, badala ya kusubiri ije kuigizwa kwenye vichekesho.

Bei ya machungwa ya msimu ule nilikuja kuijua wiki moja baadaye, mama aliponipigia kuniambia kwamba jirani ameacha mengine yaozee shambani.