Mkataba wa matengenezo ulioandikwa Dar haulijui vumbi la Dodoma

Kila ikikaribia Juni 30, ofisi nyingi hapa Dodoma zinakimbizana kufunga mwaka wa fedha na kuhuisha mikataba ya matengenezo: lifti, jenereta, viyoyozi, pampu za maji, vifaa vya zimamoto. Karatasi ya mwaka jana inatolewa kwenye faili, tarehe inabadilishwa, bei inapanda kidogo, watu wanasaini. Ukiisoma vizuri unaona iliandikwa kwa ajili ya jengo la Dar es Salaam. Hapo ndipo fedha zetu zinapopotelea, na inaniuma kwa sababu nyingi ni za umma.

Dar adui wa mitambo ni unyevu na hewa ya chumvi ya bahari. Huku adui ni vumbi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Juni ikiingia ardhi imeshakauka, upepo unavuma, na ujenzi haukomi, iwe Mtumba, Iyumbu au Nala. Mwezi wa tisa fungua kasha la nje la kiyoyozi: mapezi ya alumini yamezibwa na vumbi jekundu lililoshikana mpaka mwanga haupenyi upande wa pili. Kasha linashindwa kutoa joto, kompresa (pampu ya gesi ya kupoozea) inalazimika kufanya kazi zaidi, inakula umeme, mwisho inaungua. Halafu unaambiwa kompresa ni kipuri, na kipuri analipa mteja.

Ratiba ya mkataba wenyewe inasemaje? Huduma nne kwa mwaka, kila baada ya miezi mitatu. Kwa hali ya hewa ya hapa huo ni mpango wa kukaa ofisini. Ziara zirundikwe kwenye kiangazi, kila mwezi kuanzia Juni hadi Novemba, na zipunguzwe wakati wa mvua. Filta ya hewa ya jenereta nayo ikaguliwe hivyo hivyo, kitabu cha mtengenezaji kiseme kisemavyo, maana vitabu vingi vyenyewe vinaagiza ukaguzi wa mara kwa mara penye vumbi.

Lifti ndiyo inayonikera zaidi. Hitilafu nyingi za lifti zinaanzia mlangoni. Watu wanaingia na mchanga kwenye viatu, mchanga unadondokea kwenye mfereji ule mwembamba wa chini ambamo mlango unateleza, unajaa, mlango unakwama kabla ya kufunga, unafunguka tena. Watumishi wanasema lifti imekufa. Mgonjwa, mjamzito, mzee wa kiti cha magurudumu wanapangiwa ngazi. Fundi anapigiwa simu, yuko Dar, na mkataba unasema atafika ndani ya saa nne. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400. SGR ilipoanza 2024 imesaidia sana, lakini mtu aliyekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne usiku hawezi kungojea treni ya asubuhi. Mkataba utaje fundi anayeishi Dodoma, namba yake na ya msaidizi wake. Na usafi wa mfereji ule uandikwe kuwa kazi ya kila siku ya mtu wa usafi, kwa brashi na mashine ya kufyonza vumbi, bila kumwagia maji.

Maji yetu ya visima yana chumvichumvi pia, na kila aliyewahi kufungua hita hapa mjini analijua lile gamba jeupe. Kuliondoa kuwemo kwenye bei.

Jenereta nyingi zinawashwa dakika kumi kila Jumatatu, zinazimwa, mlinzi anasaini daftari. Zoezi hilo halithibitishi kama itabeba jengo umeme ukikatika. Kiwango cha Marekani cha NFPA 110 kinataka dakika 30 kila mwezi, ikiwa na mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake. Injini ya dizeli inayozoeshwa kuzunguka bila mzigo inajaza masizi na mafuta ambayo hayajaungua. Betri nayo ipimwe, kwa sababu jenereta ikigoma kuwaka, mara nyingi tatizo ni betri.

Malipo yafuate fomu ya kazi iliyosainiwa na mtu wa jengo aliyesimama pale akaona, siyo ankara ya robo mwaka peke yake. Nimeona fomu zilizojazwa kwa mwandiko mmoja, kalamu moja, ziara tatu. Anayezipitisha hizo anawaumiza wenzake wanaofanya kazi humo.

Na kwa wanaopokea majengo mapya sasa hivi: msingoje kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mjenzi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kiishe ndipo muanze kutafuta mkandarasi wa matengenezo. Kabla mjenzi hajaondoka, daini michoro ya umeme, vitabu vya mitambo na nywila za mfumo wa kuendeshea lifti. Nywila zikibaki kwa kampuni iliyofunga lifti, fundi mwingine hawezi kuigusa, na kila mwaka mtasaini bei watakayoitaka wao.