Abiria Akishushwa Kabla Ndege Haijaruka

IATA, shirikisho la mashirika ya ndege duniani, lilihesabu kwa mwaka 2022 kisa kimoja cha abiria msumbufu katika kila safari 568. Mwaka uliotangulia kilikuwa kimoja katika safari 835. Mtu anayepanda ndege mara nne kwa mwaka, yaani kwenda na kurudi mara mbili, angehitaji miaka 142 ili akutane na kisa hicho kimoja. Ndiyo maana wengi wetu tunamjua abiria msumbufu kwa video tu, zile zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: mtu anashushwa, anapaza sauti kwamba nauli kalipa, mwingine nyuma anacheka, na chini yake maoni yanagombana. Hawa wanataka apigwe marufuku maisha. Wale wanasema kaonewa, wahudumu wa siku hizi wamejaa viburi.

Kwa muda mrefu nilikuwa na hawa wa pili. Kilichonihamisha ni hesabu hiyohiyo, ila ipigwe kwa aliyevaa sare. Chukua mhudumu wa safari fupi, za Dar na Mwanza au Nairobi na Mombasa. Akiruka mara nne kwa siku, siku kumi na nane kwa mwezi, anafikisha safari 72. Kwa wastani ule wa dunia, kisa kinamfikia kila baada ya miezi minane hivi. Akidumu kazini miaka ishirini atakuwa ameruka mara 17,280 na kukutana na visa thelathini. Sasa IATA ilitenga pia visa vya abiria kuinua mkono, na kwa mwaka huohuo wa 2022 ikavikuta ni kimoja katika kila safari 17,200. Yaani miaka ishirini ya kazi, kofi moja. Wastani wa dunia hauielezi Mwanza wala Mombasa, najua, lakini unaonyesha jinsi kitu kinachoonekana chembe kwa msafiri kilivyo sehemu ya kazi kwa anayeshinda humo.

Wanaoona mashirika yanakuza mambo huishika hesabu hiyo kwa ncha nyingine. Katika visa thelathini, wanasema, ishirini na tisa ni maneno makali, sigara ya chooni, mkanda usiofungwa, mtu aliyezidisha glasi. Kelele za nini? Hoja ina uzito, na inauma zaidi ukikumbuka kwamba mvinyo ule umeuzwa na shirika lenyewe, au na duka la uwanjani lililo hatua ishirini kutoka lango la kupandia. Lakini visa hivyo haviji vikiwa na vibandiko. Vyote huanza sawa: mtu kaambiwa jambo dogo, kakataa. Aliyesimama kwenye ujia na toroli mkononi hana namna ya kujua kama huyu ni wa kumi na mbili, atakayenung'unika kisha alale, au ndiye wa thelathini. Na akikisia vibaya hana askari wa kumwita hadi magurudumu yaguse ardhi.

Nadhani lugha yetu nayo imetupotosha kidogo. Tunamwita mhudumu, jina lilelile la anayetuletea chapati na maharage hotelini, na jina likishaelekea kwenye chai, mtu akikuambia "kaa chini" unasikia jeuri ya mtumishi. Kumbe kanuni zinazotumika sehemu nyingi, za angalau mhudumu mmoja kwa kila viti hamsini, hazikuwekwa kwa ajili ya chai. Januari 2, 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani katika uwanja wa Haneda, Tokyo. Iliteketea ikabaki majivu, na watu wote 379 waliokuwamo walitoka hai, sababu mojawapo ikiwa kwamba waliambiwa waache mizigo wakaiacha. Agosti 2016 Dubai, ndege ya Emirates iliyoanguka kwenye njia ya kurukia ilitoa watu wake wote 300 pia, lakini video ya ndani inaonyesha abiria wakifungua makabati ya juu kutafuta mabegi huku moshi ukiingia. Zimamoto mmoja alifariki siku ile. Anayebishana juu ya kufunga meza kabla ya kuruka ni rahisi kumdhania kuwa ndiye atakayebishana juu ya begi.

Kwa rubani lugha imefanya jambo la kushangaza zaidi. Rubani wa zamani ni mjuzi wa kuingiza chombo bandarini; mwenye amri juu ya watu na mali chomboni ni nahodha. Sheria ilimpa mwendesha ndege unahodha. Mkataba wa Tokyo wa 1963 unamruhusu kuagiza abiria afungwe, kumteremsha, kumkabidhi kwa polisi, hata kuomba abiria wengine wasaidie, na unamkinga asishtakiwe ikiwa alikuwa na sababu ya msingi.

Tatizo ni kwamba nahodha huyu haoni sitaha yake. Na hilo lina historia inayotuhusu.

Tarehe 29 Desemba 2000, kabla hakujakucha, ndege ya British Airways namba 2069, Boeing 747 iliyotoka Gatwick kuja Nairobi, ilikuwa juu ya Sudan. Abiria mmoja, kijana wa Kikenya, aliingia chumba cha marubani akaukamata usukani. Rubani aliyekuwa zamu alipambana naye, ndege ikainua pua, ikapoteza mwendo, ikaporomoka futi elfu kumi hivi. Kapteni, aliyekuwa ameenda kupumzika, alirudi akamvaa, na abiria waliokuwa karibu wakasaidia kumvuta nje. Watu 398 walifika Nairobi. Kijana yule hakuwa mlevi wala mgomvi. Ilielezwa kwamba alikuwa mgonjwa wa akili, mwenye hofu kwamba kuna watu wanamwinda.

Miezi tisa baadaye yakatokea ya Septemba 11, na kuanzia Novemba 2003 kanuni za kimataifa zikataka ndege kubwa za abiria ziwe na mlango wa marubani usiovunjika kwa bega wala kwa risasi ndogo. Kisa cha 2069 hakitarudiwa kirahisi. Lakini watu hawazungumzii sana mlango ule ulibadilisha nini upande wa pili. Zamani kapteni aliweza kutoka na kofia yake, akaja safu ya 23, akasema na mtu kwa utulivu. Mara nyingi hiyo pekee ilitosha. Siku hizi, mtu akichafuka angani, mahali pa kapteni ni ndani, mlango umefungwa. Mwenye mamlaka kisheria hamwoni mkorofi. Anayemwona hana mamlaka hayo, ana simu ya ndani tu. Amri yote sasa inategemea sentensi mbili tatu za mhudumu kwenye simu hiyo.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini kapteni anayesikia neno "simwamini" kabla milango haijafungwa humshusha mtu pale ambapo wewe na mimi tungempa nafasi. Akiwa chini ana polisi, ana daktari, ana meneja wa kituo, na ana ndege ya kesho ya kumpandisha huyohuyo akishatulia. Akiwa futi 37,000 ana pingu za plastiki, mikanda ya kuongezea, na mikono ya abiria wasiojua kumshika mtu bila kumbana pumzi. Mwaka 2000, Marekani, kijana wa miaka 19 aliyeupiga mateke mlango wa marubani katika ndege ya Southwest iliyokuwa ikienda Salt Lake City alikufa kwa kubanwa na abiria wenzake. Njia ya kutua kwa dharura nayo si ya kutegemea kila mahali. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, ndege za Ulaya na Afrika Mashariki zililazimika kuizunguka anga ile, na Khartoum haikuwa tena mahali pa kumshushia mtu.

Sidai kwamba kijana wa 2069 angetambuliwa Gatwick. Ninachosema ni kwamba hatua inayoonekana ya aibu kuliko zote, kutembezwa kwenye ujia mbele ya macho mia mbili kabla ya kuruka, ndiyo yenye madhara madogo kuliko zote zinazofuata.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanza kuchechemea, maana "simwamini" ni neno jepesi mno. Aprili 2016, Los Angeles, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyezaliwa Iraq alishushwa kwenye ndege ya Southwest baada ya abiria mwenzake kumsikia akiongea Kiarabu kwenye simu na mjomba wake. Alimalizia mazungumzo kwa "inshallah". Sisi ambao hatuagani bila inshallah, ambao tunaahidi hata kurudisha ndoo ya jirani kwa inshallah, tuitazame vizuri kesi hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 2003, wafanyabiashara wa Kimisri waliokuwa wakitoka Vancouver kwenda Las Vegas walisababishiwa ndege kutua Reno kwa madai ya fujo ambazo wao, na baadhi ya abiria wengine, walizikana. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa kulifunga shauri lao, ikasema kinga ya Mkataba wa Tokyo haimfuniki kapteni asiyekuwa na sababu ya msingi. Ya Chicago, Aprili 2017, mnaikumbuka: daktari wa miaka 69 aliburutwa akitoka damu mdomoni kwa sababu shirika lilitaka viti kwa wafanyakazi wake. Pale hapakuwa na msumbufu isipokuwa shirika lenyewe.

Kesi hizi hazinifanyi nimnyang'anye kapteni uamuzi wa leo. Zinanifanya nisimkabidhi uamuzi wa kesho. Kushushwa ni tahadhari; kupigwa marufuku miezi sita ni adhabu, na adhabu huhitaji aliyetulia, aliyesikiliza pande mbili, asiyekuwamo kwenye ugomvi. India ililifikiria hili mwaka 2017, baada ya mbunge kumpiga mfanyakazi wa Air India kwa kandambili. Kanuni zao zina ngazi tatu: maneno, hadi miezi mitatu, kushika au kupiga, hadi miezi sita, kuhatarisha maisha, miaka miwili au zaidi. Kamati ya shirika inaongozwa na jaji mstaafu, ina siku 30 za kuamua, na kuna mahali pa kukata rufaa. Kwenye karatasi ni safi.

Kisha Januari 2020 mchekeshaji Kunal Kamra akamfuata mtangazaji Arnab Goswami ndani ya ndege ya IndiGo akimtupia maswali huku akijirekodi. IndiGo ikamfungia miezi sita kabla kamati haijakaa. Mashirika mengine matatu, ambayo hakuwa ndani ya ndege zao, yakamfungia pia. Aliyeandika barua kulalamika alikuwa kapteni wa safari ile mwenyewe: hakuulizwa, na kwa maelezo yake Kamra aliudhi lakini alitii maagizo ya wahudumu. Baadaye adhabu ikapunguzwa hadi miezi mitatu. Nahodha aliyekuwa chomboni anasema hapakuwa na dhoruba, na manahodha wa vyombo vingine wanamtosa mtu baharini. Orodha ya pamoja ya waliofungiwa, inayodaiwa sasa sehemu nyingi, itazaa hayo kila wiki kama haina jaji.

Upande wa mahakama, pengo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2021 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani ilipokea taarifa karibu 6,000, zaidi ya 4,000 zikiwa ugomvi wa barakoa, na ikafungua uchunguzi kidogo tu zaidi ya 1,000. Mamlaka hiyo haina uwezo wa kufunga mtu jela, inatoza faini. Kwingineko hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Mkataba wa Tokyo ulikuwa umeipa nchi iliyosajili ndege neno la kwanza. Ndege ya kukodi iliyosajiliwa Ireland ikitua kwako na mtu kafungwa mkanda mara mbili, polisi wako waliweza kumpokea, kumsikiliza, na kumwachia aende kudai mzigo wake. Itifaki ya Montreal ya 2014, iliyorekebisha mkataba huo, iliongeza nchi inapotua ndege na nchi ya shirika linaloiendesha. Ilianza kazi Januari 1, 2020, Nigeria ikiwa nchi ya 22 kuiridhia na kuitimiza idadi iliyohitajika.

Kwa anayeshushwa katika viwanja vyetu ningependa kitu kidogo zaidi ya itifaki: karatasi. Sababu iandikwe, cheo cha aliyeamua kiandikwe, pa kulalamika paandikwe, na ikibainika alikosewa, apewe kiti cha kesho bila kulipa. Na iwe kwa lugha anayoisoma.

La lugha silisemi kwa kubuni. Miaka michache iliyopita, katika ndege ya kwenda Ghuba, dada mmoja aliyekuwa akienda kazi za ndani alikataa kuuachia mkoba wake wakati tunajiandaa kuruka. Pasipoti ilikuwa humo, na mkataba, na wakala alikuwa amemwambia asiutoe mkononi kwa yeyote. Mhudumu alisema kwa Kiingereza mara mbili, kisha kwa Kiarabu, kila mara sauti ikipanda. Dada naye akaanza kulia na kuukumbatia mkoba. Mkuu wa wahudumu akaja, na nikamwona anatazama kuelekea mlangoni. Mzee wa safu ya mbele akageuka akasema, "Mwanangu, hawauchukui. Wanataka uuweke chini ya kiti cha mbele yako, miguuni kwako hapo." Akauweka, akaufunika kwa mtandio. Mkuu wa wahudumu aliandika kitu kwenye karatasi yake, akapita, tukaruka dakika sita baada ya muda.