Nguvu Farasi 52 Mtoni, 12 Angani

Desemba 1903, ndege mbili zilijaribiwa nchini Marekani katika muda wa siku 9. Ya Samuel Langley, mkuu wa taasisi ya Smithsonian, ilikuwa na injini ya nguvu farasi 52. Tarehe 8 ikatumbukia katika mto Potomac, mara ya pili katika miezi mitatu. Ya Wilbur na Orville Wright, mafundi baiskeli wa Dayton, ilikuwa na nguvu farasi 12 tu, na tarehe 17 iliruka mara nne. Safari ya mwisho ilichukua sekunde 59 na kufika mita 260.

Ndipo wengi wanapotoa hukumu kwamba injini haikuwa na maana, vipimo ndivyo vilivyoshinda. Kwa sehemu kubwa nakubali, ila hukumu hiyo inamdhulumu Charles Manly, mhandisi msaidizi wa Langley. Alipokea injini ya fundi Stephen Balzer iliyokuwa ikitoa nguvu farasi zisizozidi 8 hivi, akaiunda upya: silinda 5 zilizopangwa kama nyota na kupozwa kwa maji. Pamoja na maji yake ilikuwa na kilo 94, yaani chini ya kilo 2 kwa kila nguvu farasi. Ile ya akina Wright, aliyoichonga fundi wao Charlie Taylor kwa wiki 6, ilikaribia kilo 7 kwa kila nguvu farasi. Haikuwa na pampu ya petroli wala plagi. Kwa ufundi wa injini peke yake, Manly aliwaacha mbali sana.

Lakini akina Wright walijua wanahitaji kiasi gani. Ndege zao za mwanzo zisizo na injini zilikuwa zikinyanyuka kidogo kuliko hesabu zilivyosema, wakaanza kutilia shaka namba yenyewe: 0.005, kipimo cha msukumo wa hewa kilichohusishwa na mhandisi Mwingereza John Smeaton tangu karne ya 18. Wao walipata 0.0033 hivi. Mwishoni mwa 1901 wakatengeneza kisanduku cha kupitishia upepo, chenye urefu wa mita 1.8, na mizani ya vipande vya misumeno na spoki za baiskeli, wakapima maumbo ya bawa yapatayo 200. Hapo ndipo walipojua kwamba nguvu farasi 8 zingetosha. Zile 12 zikawa ziada.

Langley naye alikuwa mpimaji, na mfano wake mdogo wa mvuke uliruka karibu kilomita nzima mwaka 1896. Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa kuukuza mfano ule. Ukikuza kitu mara 3 kila upande, eneo la bawa huongezeka mara 9, lakini uzito huongezeka mara 27. Fremu iliyotosha kwa kilo 11 haikuwa imara kwa ndege ya zaidi ya kilo 300, na rubani hakuwa na njia ya maana ya kuzuia ndege isilalie upande. Nguvu farasi 52 zisingetibu hayo. Wanaomtetea hutaja kwamba Glenn Curtiss, mtengenezaji wa ndege, aliirusha ndege hiyo mwaka 1914. Ushahidi huo siukubali, kwa kuwa iliguswa na kubadilishwa sehemu nyingi kabla ya kupaa.

Hata hivyo, uhaba wa nguvu uliwabana akina Wright. Huko Kitty Hawk, waliporuka 1903, walisaidiwa na upepo mkali wa mbele. Mwaka 1904, kwenye uwanda wa Huffman Prairie karibu na Dayton, upepo ulipokosekana iliwabidi wajenge mnara wenye uzito wa kudondosha ili uivute ndege ipate mwendo. Na kwenye mashindano ya ndege huko Reims, Ufaransa, Agosti 1909, rubani Henri Farman alipofunga injini mpya ya Gnome, nyepesi na yenye nguvu farasi 50, alikaa angani zaidi ya saa 3 na kumaliza kilomita 180. Injini ya namna aliyoihangaikia Manly hatimaye ilikuwa imepata bawa lililoweza kuitumia.