Shaba ya Nina Vislova: ya mezani au ya uwanjani?

Kila Olimpiki ikikaribia stori ya London 2012 inafufuka, na ikishafufuka jina la Nina Vislova, Mrusi aliyekuwa anacheza vinyoya (badminton), haliponi. Utasikia "wale Warusi waliookota medali ya vinyoya" basi, miaka yote ya huyo dada kwenye mchezo imeishia kwenye sentensi moja. Mimi naona anaonewa, ila wanaomsema wana hoja zao na baadhi ni nzito kwelikweli, kwa hiyo tuzipime vizuri.

Kwa waliosahau. Julai 31, Wembley Arena, mechi za mwisho za makundi wanawake wawili wawili. Wang Xiaoli na Yu Yang wa China, namba moja duniani na mabingwa wa dunia wa 2011 (ubingwa walioubeba humohumo Wembley Arena), wanacheza na Jung Kyung-eun na Kim Ha-na wa Korea Kusini. Pande zote zishafuzu, na hakuna anayetaka kushinda kwasababu mshindi wa kundi anapangwa upande mmoja na Wachina wengine, Tian Qing na Zhao Yunlei, ambao walikuwa wamemaliza wa pili kwenye kundi lao. Sasa angalia kilichofuata, mtu anaanzisha kinyoya anakipeleka kwenye neti makusudi, mwenzake anajibu kwa kukipiga nje kabisa ya mstari, rali ndefu kuliko zote kwenye hiyo mechi ilikuwa na mapigo manne tu, watu waliolipa tiketi wanazomea, refa anaingia uwanjani kuonya na bado. Usiku huohuo Wakorea wengine na Waindonesia nao wakafanya yaleyale. Kesho yake pea nne zikatupwa nje. Kundi A, lile la Wang na Yu pamoja na Jung na Kim, likabaki na Vislova na mwenzake Valeria Sorokina, pamoja na Wakanada Alex Bruce na Michelle Li.

Hoja ya kwanza ya wanaomsema ni kwamba Warusi walipoteza mechi mbili kati ya tatu za kundi, na Wakanada ndo walipoteza zote tatu, halafu hawahawa wanne ndo waliokuja kugombea medali ya Olimpiki. Hoja ya pili, na kwangu hii ndo yenye nguvu zaidi, ni kwamba kwenye njia yao yote hadi kwenye shaba hawakumfunga hata mmoja wa wale wakubwa wa wakati ule. Robo fainali walikutana na Michelle Edwards na Annari Viljoen wa Afrika Kusini, nusu fainali wakafungwa na haohao Tian na Zhao, mechi ya mshindi wa tatu wakakutana tena na Wakanada. Upande wa pili Christinna Pedersen na Kamilla Rytter Juhl wa Denmark, ambao walikuwa wamewafunga Tian na Zhao kwenye kundi bila ujanja wowote, walitolewa robo fainali na Wajapan wakakosa medali ya wanawake wawili wawili. Vita vya panzi furaha ya kunguru, ndivyo wanavyosema, na siwezi kubisha kwamba bila ile kashfa Vislova angepanda ndege ya Moscow siku hiyohiyo.

Lakini kusema medali ni ya mezani hapo ndo sikubali. Ushindi wa mezani tunaujua sote, mpinzani hakutokea au kachezesha mtu asiye halali, kamati inakaa, unapewa pointi zako umelala kwako. Vislova na Sorokina mezani walipewa nafasi ya kucheza robo fainali, kwisha. Medali ilibidi wakaitafute uwanjani, na hata ile nafasi ya kwanza ya kundi baada ya matokeo kufutwa waliipata kwasababu walikuwa wamewafunga Wakanada kwa jasho lao siku ambazo hakuna aliyejua kama mechi hiyo ingekuja kuwa na maana yoyote.

Halafu hebu fikiria hali yenyewe. Umecheza mechi zako tatu, umetoka, mwili umeshaanza kushuka, kichwani mashindano yameisha. Kesho yake mchana unaambiwa wale waliokufunga wametolewa na jioni hiyohiyo unacheza robo fainali ya Olimpiki. Mtu anayeona hilo ni jambo rahisi labda hajawahi kucheza mechi yoyote yenye presha. Ungetegemea waingie wamepoteana, wao wakapita. Na siku ya Agosti 4 kwenye mechi ya shaba wakashinda 21-9, 21-10. Wakanada walikuwa kwenye bahati ileile kabisa, mlango uleule uliwafungukia wote wawili siku moja, kwa hiyo kama bahati ndo ilikuwa inagawa medali basi ilikuwa imewapa wote sawa, na kwenye ile sehemu ambayo bahati haikuwa na kazi tena tofauti ilikuwa kubwa vile.

Kuna takwimu moja huwa inanirudisha kwenye huu mjadala kila mara. Vinyoya viliingia rasmi Olimpiki Barcelona 1992. Kuanzia hapo hadi Beijing 2008 kwenye wanawake wawili wawili zilitolewa medali 16 (mwaka 1992 shaba zilikuwa mbili). Zote 16 zilienda China na Korea Kusini. Zote! Sio Indonesia, nchi ambayo huu mchezo ni kama dini, sio Denmark, sio Japan, sio Uingereza. Miaka 16 nchi mbili tu. Anayempinga Vislova anaichukua takwimu hiyohiyo anasema unaona, Mzungu asingeweza kupata bila kubebwa. Mimi naisoma tofauti. Ukuta wa namna hiyo hauvunjwi na watu waliokuja kutalii, na London ulivunjwa na pea tatu kwa mkupuo, Wajapan Mizuki Fujii na Reika Kakiiwa walichukua fedha, Warusi shaba, na kabla ya hapo Wadenmark ndo waliotikisa kila kitu kwa kuwafunga Tian na Zhao, maana bila ule ushindi Wachina wasingekuwa na sababu ya kutaka kupoteza. Ukisogea mbele hadi Rio 2016 dhahabu imeenda Japan, fedha imeenda kwa Pedersen na Rytter Juhl. Kwahiyo dunia ilikuwa inabadilika tayari, na Vislova alikuwa sehemu ya hayo mabadiliko.

Na hakuwa mtu wa kuokotwa. Miaka miwili kabla ya London, yeye na Sorokina walikuwa mabingwa wa Ulaya, Manchester 2010. Hilo hakuna anayelitaja kabisa kwenye hizi stori, na linaniuma, kwasababu hapo hakukuwa na kashfa wala mtu kutolewa. Shaba yao ndo medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki ya vinyoya kwa Urusi, nchi ambayo kwa watu wengi huo ni mchezo wa kupigapiga bustanini kiangazi. Miaka minne baadaye Vladimir Ivanov na Ivan Sozonov wakabeba All England 2016, moja ya mashindano makubwa ya vinyoya duniani, Warusi wa kwanza kufanya hivyo. Siwezi kusema Vislova ndo aliyewashindia taji lile, na wao pia walikuwepo London, ila ni ngumu kunishawishi kwamba kuona wenzao wa timu moja wakipanda jukwaani hakukuwaongezea kitu.

Kwa upande wa waliotolewa, sina chuki nao. Greysia Polii wa Indonesia alirudi akashinda dhahabu Tokyo mwaka 2021 na Apriyani Rahayu, nilifurahi kama ndugu yangu. Jung Kyung-eun naye alipata shaba yake Rio, tena kwa kumfunga Yu Yang aliyekuwa na mwenzake mpya. Wote hao walipata nafasi nyingine wakaitumia, na hakuna aliyewaambia wanaokota.

Kama kuna mwenye haki ya kulalamika London mimi naona ni wale Wadenmark, na malalamiko yao yaende kwa waliopanga ratiba, ambayo ilimruhusu mtu kujua akipoteza leo anakutana na nani kesho. Shirikisho la dunia lenyewe lililiona hilo, kabla 2012 haijaisha wakatangaza kwamba kuanzia mashindano yajayo washindi wa pili wa makundi watapangwa upya kwa kura. Vislova hakupanga ratiba hiyo, na kwenye kundi lile yeye na Sorokina walicheza mechi zao zote kutafuta ushindi, hata zile mbili walizofungwa.