Mwalimu Wenu Kapanda Ndege, Wetu Kakaa Barazani

Rafiki yangu anayetembeza wageni Mji Mkongwe kanitumia tangazo kwenye simu, ati nitafurahi kwa kuwa napenda mambo ya sindano. Safari ya sanaa ya nguo Zanzibar: kundi dogo, hoteli ya kutazama bahari, asubuhi darasa la kudarizi, jioni machweo. Mwalimu anakuja nao kutoka Ulaya, na sifa zake zimejaa ukurasa mzima. Nikashuka chini kumtafuta fundi wa hapa. Nikamkuta mwisho kabisa, baada ya ziara ya mashamba ya viungo: wageni watapelekwa kuwaona wanawake wa kijijini wakifanya kazi za mikono.

Kuwaona! Kima punju wa msitu wa Jozani nao huonwa hivyohivyo, tena wao angalau wana tiketi.

Ugomvi wangu si na wageni. Nimewahi kuwa mkalimani wa kundi la namna hii, na nakiri, kwa shingo upande, kwamba ni watu wenye adabu kuliko wale wa kupiga picha wakakimbia. Wanakaa. Wanatoa miwani, wanasogea kwenye mwanga, wanauliza uzi umeanzia wapi. Mtu aliyekwisha kujichoma sindano mara kadhaa kwa ajili ya ua moja hawezi tena kuuliza kwa nini kofia ni ghali. Hilo nawapa.

Ila jamani, unakujaje mpaka kwenye kisiwa cha kofia za viua, halafu unamleta mwalimu wa kudarizi kwenye begi?

Mnaijua kazi yenyewe. Kitambaa cheupe, tabaka mbili. Mchoro unachorwa kwa penseli, duara la juu peke yake na ukanda wa kuzunguka kichwa peke yake. Kisha matundu, ndiyo viua vyenyewe, yanatobolewa, na kila tundu linazungushiwa uzi ukingoni, pindi kwa pindi, mpaka likaze na lisichanike tena hata kofia ikifuliwa na kutiwa wanga miaka. Tundu moja likilegea, jicho linalijua kutoka ng'ambo ya msikiti. Na matundu ni mamia. Kofia moja inakula wiki, mara nyingi miezi, kwa sababu anayeshona ndiye huyohuyo anayepika, anayechota maji na anayemsubiri mtoto atoke chuo cha Kurani. Lamu utawakuta hata wanaume wamejiinamia barazani, kofia mkononi, mazungumzo yanaendelea na sindano haisimami. Muscat, Oman, nako kumma zao ni ndugu wa kofia zetu, na mvaaji wa kule hadanganywi na ya mashine.

Elimu yote hiyo iko kwenye vidole vya bibi mmoja aliyewekwa kwenye kona ya ukumbi, juu ya mkeka, siku ile nilipokalimani mimi. Mwalimu mgeni alisimama katikati na picha zake ukutani, anafundisha kushona vipande vya khanga kwenye daftari la kumbukumbu za safari. Bibi alipewa muda baada ya chai. Mgeni mmoja alikwenda kukaa naye kabla ya muda huo, akajaribu kiua. Bibi akakitazama, akasema, "Fumua, mwanangu." Akafumua. Akashona tena. "Fumua." Nilikuwa natafsiri neno moja tu mchana mzima, na yule mama wa watu aliniambia hapo ndipo alipoanza kujifunza. Bila picha ukutani, bila hotuba. Bibi alikuwa anamshika kidole cha shahada na kukigeuza kidogo, basi.

Halafu malipo. Mwalimu mgeni analipwa ada, tiketi na chumba. Bibi alipewa "zawadi" ndani ya bahasha, na akanunuliwa kofia moja baada ya kupunguziwa bei. Waandaaji hujitetea kwamba fundi wa hapa hajui Kiingereza na hajazoea kusimamia darasa. Kiingereza ndiyo kazi ya mkalimani, na mimi nilikuwa nimekaa pale. Darasa, huyu bibi kafundisha binti zake, wakwe na nusu ya mtaa.

Wala si jambo lisilowezekana. Chinchero, karibu na Cusco nchini Peru, wageni huenda kujifunza kufuma kwa mtambo unaofungwa kiunoni, na wanaowafundisha ni wafumaji wa palepale. Nilda Callañaupa Alvarez, mfumaji mzaliwa wa Chinchero, alikuwa miongoni mwa waliosimamisha kituo cha nguo za asili cha Cusco mwaka 1996. Mtu anatoka mbali akijua anakwenda kuwa mwanafunzi wa nani.

Kuhusu zile khanga zilizokatwakatwa kwa ajili ya madaftari, nitasema kidogo, maana nikianza sitamaliza. Walipasua katikati ya jina, yale maneno ya khanga. Dada mmoja kaondoka na nusu ya kijembe kwenye jalada lake, hajui kamsema nani. Aliyewauzia doti alikuwa mlangoni anacheka. Na wale wanaopiga picha michoro ya kofia ili wakauze kwao kama vifurushi vya kujishonea, wajue tunawaona.

Sisi wenyewe hatujambo? Tunakata bei kwa fundi mpaka anaona aibu, kisha tunanunua kofia ya mashine sokoni Darajani na kwenda nayo Idi.

Kwa hiyo rafiki yangu nimemwambia awapigie waandaaji. Asubuhi ziwe za fundi wa viua, jina lake juu ya tangazo akiridhia, na ada yake iandikwe kwenye mkataba kabla wageni hawajapanda ndege. Mwalimu wao aje, karibu sana, akae mkekani na wenzake na kitambaa chake. Tena wasiahidiwe kuondoka na kofia. Kwa siku walizonazo, wakipata safu moja ya viua ambayo bibi hajasema ifumuliwe, watakuwa wamejitahidi.